Siku Bibi Mdogo Alipoletwa Atishwe

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima na kwamba kile kikohozi ulichoniandikia mwaka jana kimekuachia. Sisi tupo. Baba mguu bado unamsumbua. Nimemhamishia chumba cha mbele, na sasa kazi yake ni kukaa dirishani na kunipa taarifa za nani kapita, na nani, na kavaa nini. Saluni inakwenda. Nimeongeza kiti kimoja na binti wa kuosha nywele, mvivu lakini ana mkono mwepesi, wateja wanampenda.

Sasa nikuambie lililonishikisha kalamu. Mpwa wako ameniaibisha. Ndiyo, huyo huyo Bibi Mdogo wako, uliyempa jina hilo alipokuwa anatambaa kwa sababu alikuwa anatuamrisha sote pa kukaa. Ana miaka kumi na sita sasa na amepata wengine wa kuwaamrisha. Kuna vijana wanapora simu pale kituo cha basi, na yeye ndiye anayewatunzia. Askari alizikuta mbili kwenye begi langu la vitana, saluni kwangu, mbele ya mteja aliyesukwa nusu kichwa. Alikuwa mtu mwenye utu, akaliacha lishughulikiwe shuleni. Lakini mteja hakurudi hata kumalizia ile nusu nyingine.

Shule ina mradi wao unaitwa Ona Ukome. Wanachukua watoto walioshindikana, wanawapeleka gerezani asubuhi moja, wafungwa wanawafokea, wanafungiwa kidogo kwenye selo, wanarudi wamenyooka. Mwezi ujao wanakuja huko kwenu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya wazazi, na nimesema mwanangu awe wa kwanza kuandikwa.

Mwalimu aliyewaleta mwaka jana alitusimulia kwamba kuna fundi kufuli mmoja anawatoa watoto jasho kwa maneno yake. Nikajua ni wewe. Sikusema kama ni ndugu yangu, nilitazama dari tu. Basi safari hii fanya kazi yako vizuri. Usimwonee huruma. Nataka ashuke kwenye basi akiwa analia.

Dada yako


Tarehe 27 Februari

Shikamoo dada,

Barua yako nimeipata jana, ilikuwa imelala kwa askari anayesoma barua. Naona ameipenda, maana ameniuliza yule mteja alisukwa wapi ile nusu iliyobaki. Kikohozi kimepona kabisa. Mpe baba shikamoo yangu, umwambie asichungulie sana, watu watamdai kiingilio.

Dada, nakuomba usimlete.

Ngoja nikueleze hiyo kazi unayoisifia. Tuko watano. Afisa anayetusimamia tunamwita Direkta kwa sababu anatufanyisha mazoezi kama waigizaji kabla ya kila ziara. Ananiambia, "Fundi, sauti itoke tumboni, siyo puani." Yuko mwenzetu tunamwita Kovu, ana alama kutoka sikioni hadi mdomoni, na kazi yake ni kumsogelea mtoto, kumkodolea macho na kukaa kimya. Watoto wanaloa jasho. Kovu alifungwa kwa kughushi vyeti vya kuzaliwa, na ile alama aliipata alipoanguka na baiskeli. Wageni wakiondoka anajilaza, kichwa kinamuuma.

Mimi kazi yangu ni mlango. Naubamiza nyuma yao, askari anatia ufunguo, nasema, "Mimi nilikuwa fundi kufuli. Nimefungua milango ya mji mzima. Huu umenishinda." Hapo ndipo wanapoanza kufuta machozi. Ni maneno yangu mwenyewe, na yamenifaa, maana yamenitoa kwenye kuzibua mitaro yakaniingiza kwenye chumba cha mikate. Kule kuna joto, na ndiko kifua changu kilikopona.

Lakini hatuwaambii ukweli. Siwaambii kwamba nilifungua mlango wa duka, wenzangu wakaingia, na mlinzi akapigwa hadi akapoteza jicho, na mimi nilikuwa nimesimama pale nimeshika tochi. Direkta anasema hilo ni refu na litawachosha watoto.

Mlete Jumapili, siku ya kutembelewa. Mpitie mlango wa wageni, tukae kwenye benchi sisi watatu, nimwambie hilo refu. Kuna na jingine kuhusu hawa watoto tunaowafokea, lakini barua zinasomwa, na mimi napenda mikate.

Mdogo wako


Tarehe 10 Machi

Mdogo wangu,

Sote wazima, asante. Baba amepata fimbo mpya na anaipigia sakafu kila anapotaka chai.

Jumapili! Eti mlango wa wageni! Miaka minne sijakanyaga hapo, na sababu unaijua, usijitie hamnazo. Mke wa yule mlinzi alikuwa mteja wangu. Nilimsuka tangu saluni ikiwa na kiti kimoja. Siku hizi akiniona anavuka barabara, na mimi nabaki nimeshika taulo nikitazama mgongo wake. Halafu niende nikapange foleni na mfuko wa sabuni, nikapekuliwe, niseme nimekuja kumwona nani? Na huyo mtoto nimemkataza tangu siku ya hukumu asikusogelee, na hajakusogelea. Hilo moja nimefaulu.

Atakuja na shule, amevaa sare, pamoja na mwalimu na wenzake. Hatakuja kama ndugu wa mtu. Unaniambia ukweli, benchi, kukaa watatu. Nimeshakaa naye! Nimemwimbia, nimemchapa, nimelia mbele yake, nimemnyima simu, nimemnunulia simu. Sina kilichobaki. Wenzako walitaka mtu wa kuwafungulia milango ya watu, ukapatikana haraka. Mimi nataka unisaidie kutia hofu kidogo, unaniletea masharti.

Foka. Basi.

Dada yako


Tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu,

Sijapata barua yako, kwa hiyo najibu kimya chako. Baba hajambo. Saluni haijambo. Mimi ndiye mwenye sijambo ya mdomoni tu.

Umefanya nini huko?

Nilikwenda kumsubiri pale basi la shule linaposhusha. Nilibeba na leso, mjinga mimi, nikidhani nitamfuta mtoto machozi. Basi limefika linatikisika kwa vicheko. Ameshuka wa kwanza na wenzake wanampigia makofi. Nikamuuliza, "Umeona?" Akasema, "Nimemwona, mama. Amekonda." Akapita, akaingia ndani, akala, akalala.

Kuanzia kesho yake, kila kitoto kinachopita mlangoni pa saluni kinapaza sauti, "Shikamoo mjomba!" na wenzake wanaitikia kwa pamoja, "Marahaba!" Halafu wanavunjika mbavu. Juzi baba akaitikia dirishani, mzee wa watu, alidhani anaamkiwa yeye. Mteja akaniuliza, "Mjomba gani huyo?" Nimetia dawa ya nywele mahali pasipostahili.

Mwalimu aliniita. Akaniuliza mbele ya kamati kwa nini sikusema kuwa yule fundi kufuli ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nimeitwa mbele ya watu niliozoea kuwakalisha mimi.

Nilikuomba jambo moja. Moja tu! Sema umefanya nini.

Dada yako


Tarehe 3 Mei

Shikamoo dada,

Shikamoo hiyo ni kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na ulinilea mama alipofariki. Moyoni nimekasirika, na nimengoja wiki kadhaa hasira ishuke ili niandike vizuri. Haijashuka.

Nilifanya kazi uliyonituma. Walipoingia niliubamiza mlango. Askari akatia ufunguo. Nikageuka na ule uso wangu wa kazi, nikavuta pumzi kutoka tumboni kama Direkta anavyotaka. Na pale mbele, sare imepigwa pasi hadi mikunjo inakata, amesimama Bibi Mdogo. Amerefuka, dada. Ana paji la uso la mama. Hakuwa na hofu hata chembe. Alifurahi. Akasema, kwa ile sauti ya kumwamkia mtu aliyekuja kutembea nyumbani, "Shikamoo mjomba."

Nikaitika. "Marahaba mwanangu, hujambo?"

Sikufikiri. Ungeitika hata wewe. Mtu anaitika hata akiwa usingizini! Akasema, "Sijambo. Kikohozi kimepona?" Kumbe anasoma barua zangu unazozificha. Nikasema kimepona, nashukuru. Kovu ndiye aliyeanza kucheka, kisha watoto wote, kisha askari wa mlangoni akageukia ukuta. Nikajaribu kusema maneno yangu ya mlango, yakatoka puani. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mjomba, kwani hapa mnapata chai saa ngapi?" Ikawa ndiyo mwisho wa kutisha.

Direkta aliniita. Alitaka kujua nani alipanga mchezo ule wa kumdhalilisha. Sikukutaja. Nimerudishwa kwenye mitaro, na kikohozi alichokiulizia mpwa wangu kimerudi siku hizi za mvua. Kama ungesema neno moja shuleni, "yule ni mdogo wangu," Direkta asingeniweka mlangoni siku ile. Uliona haya kunitaja, lakini hukuona haya kunituma. Hilo limenikata maini kuliko hiyo miaka minne.

Sasa sina mikate ya kupoteza, kwa hiyo nakuambia lile jingine, na anayesoma asome. Baadhi ya watoto niliowafokea wamerudi, na hawakuja kwa ziara. Mmoja analala mkeka wa pili kutoka kwangu. Nilimuuliza, "Hukuogopa siku ile?" Akasema aliogopa hadi ndani ya basi. Kisha wakafika nyumbani, akala, akaona kumbe ameshaingia gerezani na ametoka. Akaniambia, "Zamani nilikuwa naogopa kwa sababu sipajui. Mkanionyesha. Choo kiko kule, mnalala hivi, wakubwa ni hawa. Nilipohukumiwa nikasema, basi, napajua." Dada, tunawatembeza hawa watoto vyumbani kama wapangaji wanaotafuta nyumba.

Bibi Mdogo anaendeleaje? Niambie kweli.

Mdogo wako


Tarehe 6 Juni

Mdogo wangu,

Pole na kikohozi. Nakutumia fulana nzito kwa posta, kama wataipitisha. Baba anakusalimu. Fimbo imevunjika, sasa anapigia sakafu mwiko.

Usinifundishe kulea. Wewe hujawahi kumvusha mtoto hata barabara moja tangu umeingia huko, na kabla ya hapo ulikuwa unawavusha wezi. Mwalimu mkuu amesema katika wale waliokuja huko, wengi wametulia. Yuko mmoja alikuwa anatoroka kila siku, sasa anafika kabla ya kengele. Kwa hiyo mradi unafaa, ni sisi tu tuliouharibu. Wewe unawaona walioharibika kwa sababu ndio wanaoletwa huko. Waliopona hawaji kukusalimia.

Na hilo la kuona haya, ndiyo, niliona haya. Unataka niseme sikuona? Nina haya hadi leo. Ukitaka dada asiyeona haya, ungesimama mahali pengine na hiyo tochi yako.

Bibi Mdogo hajambo. Ametingwa na masomo, ndiyo maana hana nafasi ya kukuandikia.

Dada yako


Tarehe 11 Julai

Dada,

Fulana imefika. Inanibana kwapani, lakini nimeivaa, asante.

Wiki iliyopita waliletwa wafungwa wapya. Mimi nilikuwa natoka mitaroni, nimeshika ndoo, nimelowa. Walikuwa wamechuchumaa kwenye mstari, wanahesabiwa. Mmoja akainua uso. Kijana wa miaka kumi na minane, mdomo umepasuka. Akasema polepole, "Shikamoo mjomba."

Si mpwa wangu. Sina undugu naye wowote. Nilimkumbuka, ni yule aliyeuliza chai saa ngapi.

Nilikasirika, nikageuka niondoke na ndoo yangu. Akarudia, "Shikamoo mjomba," na safari hii sauti ilikuwa inakatika, kitoto kitupu. Askari ananitazama. Nikaitika. Ningefanya nini? Uso wake ukapata nafuu palepale, mabega yakashuka, akauliza atalala upande gani.

Jioni alikuja kukaa karibu yangu. Akaniambia kwamba Bibi Mdogo aliwaambia wote: ukikamatwa usihangaike, mwamkie mjomba wangu, atakupokea. Wanamheshimu kwa hilo. Amekuwa mtu mkubwa pale kituoni, mpwa wetu. Wenzake wana visu, yeye ana ndugu ndani. Hii ndiyo faida iliyopatikana kutoka kwenye Ona Ukome yako.

Akaniambia na jingine. Bibi Mdogo hajalala nyumbani tangu mwezi wa tano. Anakaa kwenye chumba nyuma ya duka la matairi, na simu zote zinapitia mikononi mwake. Huyu kijana alikamatwa akizitoa humo. Bibi Mdogo alinusurika kwa sababu alikuwa ametoka kununua sabuni.

Uliniandikia "hajambo." Uliniandikia "masomo." Ulikaa kwenye kiti chako ukaandika hayo huku kitanda chake kikiwa kitupu! Mimi nilimwonea haya nani, dada, nilipokuandikia habari za lile jicho? Niliandika ukweli ukasomwa na askari kabla yako. Wewe barua zako huandiki kwa ajili yangu. Unaandika kwa ajili ya majirani.

Hao waliotulia, sikatai, wapo. Wengine wangetulia hata mngewapeleka sokoni kutazama vitunguu, kwa sababu walikuwa na mtu wa kurudi kwake jioni. Huyu kijana nilimuuliza nani ameshakuja kumwona. Akacheka.

Nenda nyuma ya duka la matairi. Usiende na askari wala mwalimu wala kamati. Mwambie mjomba anamwita. Mlete Jumapili.

Mdogo wako


Tarehe 29 Julai

Mdogo wangu,

Baba hajambo. Hapana, baba si mzima, hali chakula vizuri, na kila jioni ananiuliza mtoto yuko wapi. Mimi namwambia yuko masomoni, na yeye, aliyeona kila mtu akipita dirishani kasoro huyo mmoja, anarudisha macho barabarani. Saluni nimeifunga siku mbili.

Nilikuwa na hasira na barua yako hadi nikaichana. Kisha nikaiunga kwa gundi ya kope za bandia, ndiyo iliyokuwa karibu.

Nilikwenda. Duka la matairi liko nyuma ya karakana, unapita kwenye ukuta uliobomoka. Chumba hakina dirisha. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anachana nywele zake mwenyewe, vibaya, upande mmoja zimekatika. Kuna kamba imetundikwa nguo, na mswaki umechomekwa kwenye tundu la ukuta. Nimesuka watu wote wa mtaa huu, na mwanangu nywele zake zinakatika humo ndani.

Sikufoka. Nilikuwa nimejiandaa kufoka njia nzima, nikafika pale nikachukua kitana mkononi mwake, nikaanza na nyuma. Alikubali. Sikumwona uso, nadhani ndiyo maana aliweza kuzungumza. Akaniambia siku ile ya ziara alitaka sana kwenda, kwamba ndiyo sababu hakubisha nilipomwandikisha. Akasema, "Wote walikuwa wanaogopa. Mimi nilikuwa nahesabu siku za kumwona mjomba." Miaka minne nimemkataza, kisha nikampeleka mwenyewe ili atishwe naye. Nilijiona mpumbavu na nikamchukia mtu, sijui nani, mwalimu, wewe, mimi, huyo Direkta wako na sauti yake ya tumboni.

Nilipofika kwenye paji la uso nikamwambia, "Twende kwa mjomba wako Jumapili. Nitakuonyesha njia." Akanitazama kwa mara ya kwanza. Akasema, "Mimi njia naijua, mama. Nenda wewe kwanza."

Hajarudi nyumbani. Amekubali niende kummalizia kusuka keshokutwa.

Kwa hiyo nitakuja mwenyewe. Nimeuliza pale kituoni ni basi gani, na dereva akanijibu haraka kuliko nilivyotaka. Lakini huko mbele sikujui. Niandikie mlango wa wageni uko upande gani, foleni inaanzia wapi, na nikifika dirishani niseme nini. Kwamba wewe ni mdogo wangu nitasema mwenyewe.

Dada yako